Vazi la Mabaka: Nguo ya Kujificha Iliyogeuka Nguo ya Kuonekana

Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa tangazo likiwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare za jeshi. Halikuwa jambo jipya. Sheria zetu, kama zile za nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza, zimemkataza raia kwa miaka mingi kuvaa sare ya jeshi au nguo inayofanana nayo. Hoja ya usalama inaeleweka: jambazi aliyevaa kombati hufunguliwa mlango ambao asingefunguliwa akiwa na shati la kawaida. Na kijana aliyenunua fulana ya mabaka kwenye rundo la mitumba naye ana hoja yake, kwani hakukusudia kumdanganya mtu.

Lakini lipo swali lililotangulia hayo yote, nalo haliulizwi mara nyingi. Vazi la mabaka lilibuniwa ili mvaaji asionekane. Imekuwaje basi likawa vazi linaloonekana kuliko yote, linalowafanya watu wapishe njia, washushe sauti, na wakati mwingine wakimbie?

Hoja ninayotaka kuijenga ni kwamba nguo hii ni zana ya kazi, kama lilivyo jembe au darubini. Kila ilipotendewa kama zana iliokoa maisha ya watu. Kila ilipogeuzwa kuwa alama ya ukubwa ilipoteza kazi yake, na gharama wakailipa watu wa chini: askari wa kawaida, mlinda hifadhi, raia wa barabarani na mlipakodi. Ushahidi wa hoja hiyo umo katika historia ya nguo yenyewe, tangu namna ilivyotiwa rangi hadi namna inavyofuliwa.

Kutoka nyekundu hadi rangi ya vumbi

Kwa karne nyingi askari wa Ulaya alivishwa ili aonekane. Koti jekundu la Mwingereza na suruali nyekundu ya Mfaransa havikutokana na ujinga. Bunduki za kale zilitoa moshi mzito uliofunika uwanja mzima, na kamanda alihitaji kuwatambua watu wake ndani ya moshi huo. Isitoshe, bunduki hizo hazikuweza kulenga kwa uhakika shabaha iliyo mbali. Kuonekana hakukuwa hatari kubwa, na kulimpa askari heshima mbele ya adui na mbele ya wenzake.

Karne ya 19 ilibadilisha hesabu hiyo kwa mambo mawili. La kwanza ni mtutu wenye mifereji ndani yake, uliozungusha risasi na kuifikisha mbali bila kupotoka. La pili ni baruti isiyotoa moshi, ambayo Wafaransa waliivumbua katikati ya miaka ya 1880. Kuanzia hapo mpigaji aliweza kubaki amefichika baada ya kupiga, na aliyesimama akiwa amevaa nyekundu alikuwa shabaha.

Neno kaki, tunalolitumia leo kwa kaptula za shule na bahasha za ofisini, limebeba historia ya badiliko hilo. Asili yake ni neno la Kiajemi *khak*, yaani vumbi au udongo, lililopitia Kihindustani. Waingereza walilipata India katika miaka ya 1840, pale kikosi cha Guides kilichoundwa na Harry Lumsden katika mpaka wa kaskazini-magharibi kilipovaa nguo za pamba zilizotiwa rangi ya vumbi. Hata hivyo iliwachukua miongo kadhaa kukubali somo walilolipata kwa watu waliowatawala. Mapigano ya Ginnis huko Sudan, tarehe 30 Desemba 1885, yanahesabiwa kuwa ya mwisho ambayo askari wa Uingereza walipigana wakiwa na makoti mekundu.

Somo lenyewe liliwaingia vizuri Afrika Kusini, katika vita vya mwaka 1899 hadi 1902. Makaburu hawakuwa na sare. Wengi wao walikuwa wakulima waliovaa nguo zao za kila siku zilizofifishwa na jua na vumbi, wakalala nyuma ya mawe na bunduki za Mauser zisizotoa moshi. Katika vita hivyo Lord Lovat aliunda kikosi cha Lovat Scouts kutoka Uskoti, chenye watu waliozoea kumnyatia paa milimani. Vazi la matambara na nyasi linalovaliwa na wadunguaji hadi leo, ghillie, limepata jina kutokana na neno la Kigaeli linalomtaja kijana msaidizi wa wawindaji. Yaani vazi la siri kuliko yote katika majeshi ya leo limechukua jina lake kwa mtumishi, si kwa bwana wake.

Ufaransa iligoma kujifunza. Palipotolewa pendekezo la kuachana na suruali nyekundu, wanasiasa waliitetea kana kwamba taifa lenyewe lilikuwa limeshonwa humo. Mwezi Agosti 1914 vijana wa Kifaransa waliingia vitani wakiwa nazo, mbele ya bunduki za rashasha za Wajerumani. Tarehe 22 ya mwezi huo pekee walikufa takriban 27,000. Suruali haikuwa sababu ya vifo vyote hivyo, maana mbinu za kushambulia wazi wazi nazo zilikuwa mbovu. Lakini chanzo kilikuwa kimoja: viongozi waliojali sura ya jeshi kuliko uhai wa askari. Kufikia mwaka 1915 suruali nyekundu ilikuwa ikiondolewa, na mahali pake ikaja sare ya buluu iliyofifia.

Mzizi wa mdaa

Wakati Ulaya ikijifunza kwa damu, jambo la kufikirisha lilikuwa likitokea hapa kwetu. Vita vya 1914 hadi 1918 viliikuta Afrika Mashariki ya Kijerumani imezingirwa baharini na manowari za Waingereza. Nguo hazikuingia. Askari wa Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, ambao wengi wao walikuwa Waafrika, walihitaji sare, na sare hizo zilihitaji rangi. Ilibidi pamba isokotwe na kufumwa humu humu nchini, na rangi itafutwe porini.

Ilipatikana kwenye mzizi wa mdaa. Lettow-Vorbeck mwenyewe, katika kumbukumbu zake za vita, aliusifu mmea huo kwa kutoa rangi ya hudhurungi yenye umanjano, isiyojitokeza katika nyasi wala kichakani. Hakuuvumbua yeye. Wasukaji wa mikeka wa pwani waliujua mdaa tangu zamani kwa kutia rangi ukindu. Ujuzi wa kina mama wa ukumbini ukaingia katika historia ya vita kuu ya dunia, na kama ilivyo desturi ya vitabu, jina lililobaki ni la jenerali.

Pamoja na sifa hiyo, inafaa tuulize nani alivishwa na nani hakuvishwa. Vita ile haikubebwa na askari peke yao. Ilibebwa na wapagazi, mamia ya maelfu ya watu waliochukuliwa vijijini kwa ahadi au kwa nguvu ili wabebe risasi, unga na majeruhi. Wengi walitembea na kitambaa kimoja kiunoni, katika mvua na baridi ya nyanda za juu. Kwa makadirio ya wanahistoria, waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakaribia 100,000, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepewa majina kutokana na kikosi chao cha wapagazi. Tunanunua nyanya na vitenge mahali hapo bila kukumbuka kwamba jina lile ni la watu waliokufa kwa kukosa nguo na chakula.

Fundisho hili litajirudia mbele. Vazi bora la kazi haliokoi mtu kama aliyepewa si yule aliye hatarini.

Wachoraji, pundamilia na kinyonga

Kaki ni rangi moja. Mabaka ni wazo jingine, na lilitoka kwa wachoraji na wataalamu wa wanyama. Mwaka 1909 mchoraji wa Kimarekani Abbott Thayer, pamoja na mwanawe Gerald, walitoa kitabu kuhusu rangi za kujificha katika ulimwengu wa wanyama. Thayer alieleza kwa nini wanyama wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe. Jua hupiga kutoka juu na kung'arisha mgongo, huku tumbo likibaki kivulini. Rangi hizo mbili hulipana, na mnyama huonekana bapa, kama si kitu chenye umbo. Alieleza pia kwamba milia na madoa huvunja ukingo wa mwili, ili jicho lisiweze kuunganisha vipande vikawa mnyama mmoja.

Thayer alikuwa sahihi katika mengi, lakini akazidisha. Alidai kwamba karibu kila rangi ya mnyama ni ya kumficha, hata wekundu wa heroe, ambao eti humpoteza ndege huyo katika anga la machweo. Aliyempinga kwa ukali alikuwa Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliyeshuka Mombasa mwezi Aprili 1909 kwa safari ndefu ya uwindaji. Katika kitabu cha safari hiyo alieleza aliyoyaona katika nyanda za Afrika Mashariki: pundamilia na twiga huonekana wazi kutoka mbali, na wanyama wa mbugani wanaokoka zaidi kwa macho, pua na miguu kuliko kwa rangi zao. Ubishi wao ulituachia jambo la kudumu. Rangi haifichi peke yake. Inaficha mahali fulani, kwa mwanga fulani, mbele ya macho fulani, na mradi mvaaji ametulia.

Mwaka 1915 jeshi la Ufaransa liliunda kitengo rasmi cha kazi hii, kikiongozwa na mchoraji Lucien-Victor Guirand de Scévola. Alama waliyoichagua ilikuwa kinyonga. Walipaka rangi mizinga, wakatengeneza miti ya bandia ya kuchungulia adui, na kufunika barabara kwa nyavu. Neno la Kifaransa *camouflage* likaenea duniani kutoka hapo. Kitambaa chenye mabaka kilichochapwa kiwandani kwa wingi kilikuja baadaye: Italia mwaka 1929, kwa ajili ya mahema, na Ujerumani mwaka 1931. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikakivalisha miilini mwa askari wengi.

Vita hiyo ilionyesha pia upande wa pili wa nguo hii. Wamarekani waliivaa katika visiwa vya Pasifiki, lakini walipowavalisha baadhi ya askari wao huko Normandy mwaka 1944 waliiondoa upesi, kwa sababu wenzao waliwadhania kuwa Waffen-SS, ambao mabaka yao yalikuwa yamekwisha kujulikana. Kumbe nguo ya kuficha mtu ilikuwa imeanza kutangaza yeye ni nani.

Mabaka ya wakoloni, ngozi za msituni

Baada ya mwaka 1945 mabaka yalihamia katika vita vya kuzuia uhuru wa makoloni. Askari wa miavuli wa Ufaransa walivaa mabaka ya milia huko Indochina na kisha Algeria, ambako vita ilidumu kuanzia 1954 hadi 1962. Ureno ikaiga mtindo huo, ikauvaa Angola, Guinea na Msumbiji hadi mapinduzi ya Lisbon ya tarehe 25 Aprili 1974. Kwa mwanakijiji wa Kimakonde aliyevuka Mto Ruvuma kuingia Tanzania, mabaka hayakuwa mchoro wa majani. Yalikuwa ishara ya watu wanaochoma nyumba.

Hapo ndipo maana ya nguo ilipogeuka. Askari wa miavuli walikuwa vikosi teule, na mabaka yao yaliwatofautisha na askari wengine wa kawaida. Picha zao magazetini ziliwafanya mashujaa kwa upande mmoja na kitisho kwa upande mwingine. Vazi likaanza kufanya kazi mjini, mahali pasipo na kichaka cha kujifichia, kwa kuonekana tu.

Nchini Kenya, wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya walijifunza kujisitiri bila kiwanda. Walivaa ngozi za wanyama, walifuta nyayo zao, walipika kwa kuficha moshi, na harufu yao ikawa ya msitu. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 akiwa amevaa ngozi ya chui. Serikali ya kikoloni nayo ilijibu kwa kujificha ndani ya sura ya adui wake: iliwatuma waliokuwa wapiganaji, pamoja na maofisa wazungu waliojipaka weusi, wavae kama watu wa msituni na kuwaendea wenzao kama ndugu. Hila ile ilipata ushindi wa kijeshi na kuacha jeraha la kijamii, kwa sababu mtu hakuweza tena kuamini anachokiona mlangoni pake. Wanaopuuza hofu ya raia mbele ya sare za uongo wakumbuke kwamba hofu hiyo ina historia.

Zana na utunzaji wake

Ili tuone jinsi tulivyopotoka, sharti tujue zana hii inafanyaje kazi na inatunzwaje. Wanaoihitaji kwa kweli ni wachache: askari wa mstari wa mbele, mlinda hifadhi anayefuatilia majangili, mtafiti wa wanyama, mpiga picha za porini, na mwindaji mwenye kibali. Kwa raia miongoni mwao, sheria za kwetu huwaelekeza kwenye rangi tupu za udongo na majani makavu, nazo zinatosha.

La kwanza ni mahali. Mabaka ya kijani kibichi yanayofaa Amani au Kakamega wakati wa masika humtangaza mvaaji katika nyika ya Dodoma mwezi Septemba. Katika maeneo yenye ndorobo pana hatari nyingine, kwani mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na ndiyo sababu mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. La pili ni macho ya anayetazama. Wanyama wengi wenye kwato hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, lakini buluu wanaiona barabara; ndiyo maana wawindaji katika majimbo mengi ya Marekani hulazimika kuvaa rangi ya chungwa inayowaka, ambayo binadamu mwenzao huiona na paa haimshtui. La tatu ni mwendo na upepo. Hakuna kitambaa kinachoficha mkono unaopungwa, wala harufu inayochukuliwa na upepo kwenda kwa nyati.

Kisha linakuja suala la kufua, ambalo wengi hulidharau. Sabuni nyingi za unga huwekwa kemikali za kung'arisha, zinazofanya nguo irudishe mwanga wa buluu kwa wingi ili ionekane safi zaidi. Kwa shati jeupe ni jambo jema. Kwa nguo ya mabaka ni kuharibu zana, maana kemikali hizo hubaki kwenye nyuzi na kuifanya nguo ing'ae machoni mwa wanyama wanaoona miali ambayo sisi hatuioni. Sare nyingi za kijeshi, tena, hutiwa rangi maalumu zinazorudisha miali isiyoonekana kwa kiasi kinachokaribiana na cha majani, ili vifaa vya kuonea usiku visimtenge mtu na kichaka. Kwa sababu hiyo maelekezo ya jeshi la Marekani juu ya sare zake za vitani yamekataza dawa za kuondoa madoa zinazochujua rangi, sabuni zenye king'arishi, na dondo, yaani ule wanga wa kukazia nguo.

Utunzaji sahihi, basi, ni wa kawaida sana. Nguo ikung'utwe vumbi, igeuzwe ndani nje, ifuliwe kwa maji baridi na sabuni isiyo na king'arishi wala manukato, isuuzwe mpaka povu liishe, ianikwe kivulini. Isipigwe pasi ya moto mkali. Isihifadhiwe ikiwa mbichi, kwani pamba hushika ukungu upesi na ukungu hula nyuzi. Ikichanika, ishonwe kwa uzi unaofanana nayo, na kibandiko kisichong'aa. Mwenye nguo iliyochanganywa nailoni au poliesta asikae karibu na moto, kwa kuwa nyuzi hizo huyeyuka na kugandana na ngozi. Nguo ikichakaa ikapauka yote kwa usawa, thamani yake ya porini haijaisha, pengine imeongezeka. Aliyevaa nguo iliyofifia hukaribia zaidi rangi ya nyasi kavu kuliko mwenye nguo mpya kutoka dukani.

Sasa tazama gwaride lolote la sikukuu ya taifa katika ukanda wetu. Kombati zimetiwa dondo, zimepigwa pasi hadi mstari wa suruali unakata kama kisu, rangi zinawaka. Katika gwaride hakuna ubaya, kwani nidhamu nayo ina sherehe zake. Lakini mstari ule wa pasi ni ukingo ulionyooka, na porini hakuna kitu kilichonyooka namna hiyo. Nguo iliyofanyiwa hivyo imekufa kama zana, na imezaliwa upya kama bendera.

Gharama ya kuchagua kwa macho

Zana ikigeuka bendera, huchaguliwa kwa uzuri. Mwezi Juni 2017 mkaguzi maalumu wa serikali ya Marekani aliyesimamia fedha za ujenzi mpya wa Afghanistan alitoa ripoti kuhusu sare za jeshi la nchi hiyo. Waziri wa Ulinzi wa Afghanistan wa wakati ule, Abdul Rahim Wardak, alikuwa amependezwa na mabaka ya msitu yaliyomilikiwa na kampuni binafsi, baada ya maofisa wa Kimarekani kumwonyesha mifano kwenye intaneti. Mabaka hayo yakanunuliwa bila kupimwa kama yanafaa nchi ile. Misitu ya Afghanistan ni takriban asilimia 2.1 ya ardhi yake. Mkaguzi alikadiria kwamba uamuzi huo huenda uliongeza gharama kwa kiasi kinachofikia dola milioni 28. Askari wa Kiafghani alivishwa majani ya msitu akapigane kwenye mawe na mchanga. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hapa hata ya kununuliwa haikusitiri.

Isidhaniwe kwamba ni udhaifu wa nchi maskini. Marekani yenyewe ilianza mwaka 2004 kuwavalisha askari wake wa nchi kavu mabaka ya kijivu yaliyokusudiwa kufaa kila mahali: jangwani, msituni na mjini. Hayakufaa karibu popote. Askari waliokuwa Afghanistan walilalamika kwamba wanaonekana, na baada ya miaka kumi jeshi lilitangaza mabaka mengine. Nguo inayodai kufaa kila mahali haijakaguliwa mahali popote.

Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wanajua jinsi zabuni za sare zinavyokwenda. Swali la kwanza katika kikao huwa ni bei, la pili huwa ni muonekano. Mara chache mlinzi wa doria huulizwa: unafanya kazi kwenye nyasi za urefu gani, miezi gani, na unafulia nini kambini? Kitambaa kizito cha nailoni kinachopendeza kwenye picha ya uzinduzi humpikia mtu jasho Selous na kumwachia ukurutu. Na pale viatu vinapochelewa huku kofia zenye nembo zikiwahi, tumerudi kwa wapagazi wa 1916: sura ya kikosi imevishwa, mwili wa mtu umeachwa wazi.

Sheria na raia

Turudi kwenye siku saba za Agosti 2023. Kukataza sare za jeshi kwa raia si mzaha wa Tanzania peke yake. Jamaika na Barbados, visiwa vinavyoishi kwa utalii, huwakataza hata wageni kuvaa mabaka ya aina yoyote. Sababu niliyoieleza kwa historia ya Kenya inatosha kuunga mkono kiini cha katazo: raia ana haki ya kujua kama aliyesimama mlangoni pake ni mtumishi wa dola au mwizi.

Lakini haki hiyo ina ncha mbili. Mwezi Septemba 2019 serikali ya Uganda ilitangaza katika gazeti lake rasmi orodha ya mavazi ya jeshi yasiyoruhusiwa kwa raia, na ndani yake ikawemo kofia nyekundu ya bereti, ambayo wakati huo ilikuwa imekuwa alama ya wafuasi wa Bobi Wine. Haikuwa nguo ya kujificha, wala hakuna aliyeweza kumdhania kijana wa Kamwokya kuwa ofisa kwa sababu ya bereti. Hapo sheria ya kumlinda raia dhidi ya udanganyifu ilionekana na wengi kama sheria ya kuulinda utawala dhidi ya raia.

Naona mambo matatu yanayoweza kuitenganisha ncha moja na nyingine. Kwanza, sheria itaje nguo kwa uwazi, kwa picha na vipimo, ili muuza mitumba wa Karume ajue kabla hajafungua mzigo, si baada ya kukamatwa. Maneno "inayofanana na" bila mfano humwachia askari wa doria uamuzi wote. Pili, ikiwa raia anakatazwa kujifananisha na dola, dola nayo ikatazwe kumjia raia bila utambulisho. Mtu mwenye kombati isiyo na jina wala namba, anayemchukua mtu usiku kwa gari lisilo na namba za usajili, amelitumia vazi kwa namna ile ile ya jambazi, na raia hana njia ya kuwatofautisha. Tatu, mabaka yabaki yanakohitajika. Polisi anayetembea mitaani anapaswa kuonekana, maana kuonekana kwake ndiko ulinzi wenyewe. Hana sababu ya kuvaa majani katikati ya lami. Kenya ilipowabadilishia polisi wake sare mwaka 2018 na kuchagua buluu, ubishi mwingi ulikuwa juu ya uzuri wa rangi. Swali zito zaidi lilikuwa kama askari wa raia avae kwa namna inayosema "mniite" au inayosema "mniogope".

Mdaa bado unaota katika vichaka vyetu, na mizizi yake bado hutiwa katika vyungu vya kupikia ukindu. Rangi yake haijali cheo. Ilimfaa mkeka, ikamfaa askari, kwa sababu moja tu: aliyeichagua aliitazama kwanza ardhi. Kwa kipimo hicho hicho ndivyo tunavyopaswa kuzikagua sare tunazozilipia, na sheria tunazozitunga juu yake.